Sauti ya Ofisini

Mwalimu alikuwa na sauti mbili, na mtu hawezi kusema amemjua kama hakuzisikia zote. Ya kwanza ilikuwa ya nyumbani, ndogo na kavu, sauti ya mtu mwenye pini midomoni. Ya pili sisi wa Woolwich tuliiita sauti ya ofisini. Hiyo haikutoka mpaka awe amesimama, ushungi umebanwa, mwavuli umekitwa sakafuni mbele yake. Kiingereza chake kilikuwa cha skuli za zamani, kila herufi inatamkwa, hata zile ambazo Waingereza wenyewe wameshaziacha. Nimewahi kumwona karani wa kaunsili akiinuka kitini bila kujua kilichomwinua.

Kazaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo sitayaeleza. Wanaojua wanajua, na yeye mwenyewe akiulizwa alikuwa akijibu, "Kwani umekuja kuposa?" Mimi na mume wangu tulipohamia Woolwich mwanzoni mwa miaka ya tisini tulimkuta ghorofa ya chini yetu, na tulimkuta tayari ni Mwalimu. Alikuwa amesomesha hesabu kwetu Unguja miaka mingi kabla ya kuihama nchi. Hapa London skuli hazikumtaka, akafanya ukarani mpaka akastaafu, lakini hakuna aliyemwita karani.

Sauti ya ofisini ilitusaidia sote. Dari letu lilipoanza kuvuja, kaunsili, serikali ya mtaa yenye jengo letu, walituambia ni mvuke wa mapishi yetu. Mume wangu, dereva wa basi, mtu mpole kupita kiasi, alikuwa tayari kuomba radhi kwa kupika. Mwalimu alivaa koti akaenda nami. Alimuuliza kijana wa dirisha la kaunsili kama amewahi kuona mvuke wa wali ukipanda mpaka ghorofa ya juu, ukakaa huko, kisha ukarudi chini na rangi ya kutu. Kijana akasema hajawahi. "Basi tuma fundi," Mwalimu akasema, na fundi akaja. Mama mmoja wa Kikongo wa ghorofa ya nne, aliyekuwa akifanya usafi hospitali, alimchukua kwa meneja wake. Familia za Pemba zilimchukua uhamiaji. Alikwenda kwa kila mtu, hakuchukua hata nauli, na njiani alikuwa akikulaumu kwa kuchelewa kumwambia.

Jumamosi asubuhi sebule yake ilikuwa darasa. Ukumbi wa kuingilia ulikuwa mwembamba, kwa hiyo viatu vya watoto vilipangwa ndani ya beseni la kuogea, na ole wake atakayefungua bomba. Aliwafundisha hesabu na Kiswahili na adabu, na kwake hayo yalikuwa somo moja. Watoto wetu waliozaliwa hapa walikuwa wakimjibu Kiingereza. Yeye alijifanya kiziwi mpaka jibu lije kwa Kiswahili, hata kama ni Kiswahili cha kuokoteza. Sharti lake kubwa lilikuwa kwamba mtoto hasemi mpaka aulizwe. Kunyoosha mkono alikuona kama kuchomoa kitoweo kwenye sinia kabla ya wageni. "Unajua? Kaa nacho," alikuwa akisema. "Nikikihitaji nitakuja kukichukua."

Na hakusifu. Hili ndilo ninalotaka kulieleza, maana ndilo lililonikosanisha naye. Kalamu yake nyekundu ilijua makosa tu. Hesabu ikiwa sahihi hakuweka alama yoyote, alirudisha karatasi kama ilivyo, na watoto wakajifunza kuusoma ule weupe. Mtoto akipata karatasi safi alikuwa akirudi nyumbani anaruka ngazi. Mzazi akijaribu kumsifia mwanawe mbele yake, Mwalimu alimkata: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mume wangu alimtania siku moja kwamba kwa mtu wa swala tano, anayajua sana mambo ya tembo. Hakucheka. Akasema methali haileweshi.

Mimi sikuwa mgeni wa tabia hiyo, nimelelewa nayo. Kwetu mtu akikwambia mwanao mzuri, unatafuta haraka kasoro ya kumtajia, ama unamngoja aseme mashaallah, usije ukalala na mtoto mwenye homa. Mume wangu hata leo ni hivyo. Kwenye kikao cha wazazi, mwalimu wa darasa alipomwambia kwamba binti yetu Nasra ni hodari, alimjibu kwamba nyumbani hata kitanda hatandiki. Yule Mwingereza aliandika kitu.

Lakini Mwalimu alipitiliza, na la kuudhi zaidi ni kwamba sifa alikuwa nazo tele, ila hazikuwa za watu. Alisifu birika lake. Alisifu vitunguu vya soko la Woolwich, akavishika kimoja kimoja na kuvisemesha. Na alisifu snuka, ule mchezo wa Waingereza wa kugonga mipira mezani kwa fimbo. Mwanamke yule, aliyekataza watoto kutazama televisheni, akikaa mbele ya snuka hata mlango haufungui. Kuna mchezaji mmoja, kijana mwembamba mwenye kizibao, alikuwa akimpenda hasa. "Mashaallah, mkono huo," alikuwa akisema, peke yake, sauti imejaa. "Tazama anavyofikiri. Tazama." Nimekaa naye kwenye kochi lile nikijiuliza ni mtoto gani wa Jumamosi amewahi kuambiwa tazama anavyofikiri.

Nasra alikuwa wake tangu ana miaka sita. Huyu mwanangu hakuwa msemaji. Alikuwa mtoto wa kukaa pembeni na kitu mkononi, na ukimwuliza anafanya nini anakwambia "nothing". Alipokuwa na miaka kumi alichukua ratiba ya swala tuliyobandika kwenye friji, akaanza kuihamisha kwenye karatasi ya mirabamiraba. Kwa wiki kadhaa alikuwa akitia nukta, nukta, kila siku magharibi inaingia saa ngapi. Mtu aliyekulia kwetu, jua linazama wakati uleule mwaka mzima, asingefikiria kufanya hivyo. Mtoto wa London anaona magharibi inaingia mara anatoka skuli, mara ameshalala. Nukta zikawa mstari, mstari ukapanda na kushuka. Akaja kuniuliza kwa nini mwezi wa tatu unapanda kwa kasi na mwezi wa sita unalala. Sikujua. Akafunika nusu ya ratiba kwa kitabu, akabashiri magharibi za miezi iliyofichwa, kisha akafunua, na alikosea dakika chache tu.

Alimpelekea Mwalimu. Mimi nilikuwepo, nimekuja kumchukua. Mwalimu alivaa miwani, akaiangalia karatasi muda mrefu, akaipeleka dirishani, akarudi nayo. Kisha akasema, "Penseli yako butu." Akampa kichongeo.

Mwaka huo skuli yao ilianzisha darasa la vipaji. Watoto wachache wangechaguliwa, wawe na mwalimu wao wa hesabu mara moja kwa wiki, na wakimaliza mwalimu mkuu atawaombea nafasi kwenye ile sekondari nzuri ambayo watu wa mtaa wetu huiona tu wakipita kwa basi. Nasra alikuwa na alama za juu kuliko wengi waliochaguliwa. Hakuchaguliwa. Nilikwenda kuuliza, nikaelezwa kwa upole ule unaokutia hasira zaidi kuliko matusi kwamba alama si kila kitu. Mtoto mwenye kipaji, wakasema, huonekana. Anauliza, anajitokeza, anataka kuongoza. Nasra hanyooshi mkono. Akiulizwa anajibu vizuri, lakini hajitolei kamwe, na wao hawana uhakika kama anafahamu ama anakariri.

Nilirudi nyumbani nikipiga hesabu. Miaka minne Jumamosi baada ya Jumamosi tumemfundisha mtoto asinyooshe mkono, na sasa anahukumiwa kwa mkono. Nikaambiwa naweza kukata rufaa: nitasikilizwa na mwalimu mkuu, na mwalimu anayesimamia darasa hilo, na mjumbe mmoja wa bodi ya skuli. Na ninaweza kuja na mtu anayemjua mtoto nje ya skuli, aliyemwona akifanya kazi. Nani mwingine? Nilishuka ngazi kwa furaha, wallahi. Nilijiambia nina simba ghorofa ya chini na hawa hawajui.

Mwalimu alikubali palepale. Siku yenyewe alivaa koti lake jeusi, akachukua mwavuli. Mume wangu alikuwa kazini. Mwalimu mkuu alipendelea mtoto awepo, kwa hiyo Nasra alikaa kati yetu na sare yake, magoti pamoja.

Nilijua mambo yameharibika pale Mwalimu alipokaa. Sijawahi kumwona akikaa ofisini. Alikaa, akaulaza mwavuli chini ya kiti, akakunja mikono mapajani. Mjumbe wa bodi, bibi wa Kiingereza mwenye uso wa huruma, alimwuliza Mwalimu kwamba Nasra ana tofauti gani na watoto wengine anaowafundisha.

Mwalimu akajibu kwa sauti ya nyumbani. Alisema hana tofauti. Ni mtoto kama watoto, anasikia akiambiwa.

Nikadhani anajipanga. Mwalimu mkuu naye, nitampa haki yake, alijaribu kumsaidia. Alimwuliza kama kuna kazi yoyote ya mtoto huyu iliyowahi kumshangaza. Nilimgeukia Mwalimu. Niliiona ile karatasi ya magharibi machoni pangu, na nilijua na yeye anaiona. Alimtazama Nasra kidogo, akatazama wale watatu mmoja baada ya mwingine, akasema mwandiko wake bado unahitaji kazi.

Hapo nikaingilia. Nilieleza habari za ratiba, nukta, mstari, mwezi wa tatu na mwezi wa sita, Kiingereza kinanipotea kwa hasira, mikono inachora hewani. Mjumbe wa bodi alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema kila mama huona hivyo, na ni vizuri kila mama aone hivyo. Wakatushukuru kwa kuja. Uamuzi haukubadilika.

Kituoni, tunangoja basi, nilisahau kama ni mtu mzima kuliko mimi. Nasra alikuwa amesogea kwenye kibanda akijifanya anasoma tangazo.

"Mwalimu, umetuua," nikamwambia. "Kwa dari langu ulisimama. Kwa mwanangu umekaa."

"Nimsifu mbele ya uso wake? Na mbele ya macho ya watu watatu nisiowajua?" akasema. "Mtoto akipakwa sifa hadharani ama anavimba ama anadhurika. Kizuri chajiuza. Kibaya ndicho kinachojitembeza."

"Huku hakuna kizuri kinachojiuza. Huku kisichojitembeza kinabaki kapuni. Na chanda chema je, si huvikwa pete?"

"Pete itakuja."

"Mbona yule wa snuka unamsifu kutwa?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

"Yule si wangu," akasema.

Nilikuwa na hasira mno kulisikia neno hilo. Nililisikia baadaye, na lilinizidishia hasira, maana ukishajua mtu amekuumiza kwa mapenzi huna hata pa kuipeleka ghadhabu yako. Wakati ule basi lilikuja, tukapanda, tukakaa mbalimbali. Nasra alikaa nami. Tulipokaribia kushuka aliniuliza, kwa Kiingereza, taratibu, kama anayeuliza saa: kwa hiyo mimi ni wa kawaida tu? Nikamwambia siyo, nikamwambia maneno mengi. Lakini mimi ni mama yake, na alikuwa ameshasikia siku hiyohiyo kwamba kila mama huona hivyo.

Jumamosi iliyofuata sikumpeleka. Mwalimu hakuuliza. Salamu hatukuvunja, hiyo haiwezekani kwa majirani. Nilimpelekea sinia lake la Idi na yeye akaliosha akalirudisha na kaimati, kama sheria inavyotaka. Lakini nikikutana naye kwenye lifti nilikuwa nikitazama vitufe. Karatasi ya mirabamiraba ilikaa kwenye friji mpaka ikanyauka, na Nasra hakuchora nyingine. Alikwenda sekondari ya mtaani, akasoma vizuri, akapita mitihani yake yote, na kila ripoti ilisema neno moja: mkimya.

Watu walikuwa wakiniambia nimsamehe, na miye nilikuwa nikijibu kwamba nimeshasamehe. Uongo. Nilikuwa nikipita mlango wake nikisikia mipira ya snuka ikigongana, na yeye akisema mashaallah, na damu inanipanda upya.

Mwishoni mwa miaka ya elfu mbili alivunjika nyonga, na kaunsili wakamhamishia nyumba za wazee Thornton Heath. Huko ndiko nilikomwona mara ya mwisho tukiwa na maneno ya kusemana. Ilikuwa Idi, na nilikwenda na Nasra, ambaye alikuwa na miaka kumi na minane na ana usaili wa chuo kikuu baada ya siku chache. Anataka kusoma hesabu. Nyumbani nilikuwa nimejaribu kumfanyisha mazoezi. Namwuliza, mwanangu, wakikwambia utaje jambo unaloliweza kuliko wenzako utasema nini? Anasema hakuna, I just try. Nilikuwa nimechoka mpaka nimelia chooni.

Tulimkuta kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomwacha, televisheni inawaka bila sauti. Birika lilelile lilikuwa mezani. Tukamwamkia, tukampa halwa. Alimwangalia Nasra juu mpaka chini, akasema amekonda. Kisha akamwuliza anafanya nini siku hizi, nami nikarukia kujibu: anaitwa chuo, anaitwa kwenye usaili.

"Wamekuita wewe?" Mwalimu akamwuliza. "Kwa hesabu? Basi unaweza sana."

Nasra alicheka kidogo, akaangalia mikono yake. Akamjibu kwa Kiswahili, kwa kuwa kwa Mwalimu hakuna lugha nyingine.

"Mimi wa kawaida tu, Mwalimu."

Alilisema bila uchungu. Ndicho kilichoniuma. Alilisema kama anavyotaja jina la mtaa.

"Nani kakwambia maneno hayo?" Mwalimu akauliza.

Nasra akamtazama, akashangaa kweli.

"Wewe," akasema. "Siku ile skuli."

Nilingoja methali. Nilikuwa nimeshaitayarishia jibu, nimeitayarishia miaka minane. Haikuja. Mwalimu aliishika mikono ya kiti, akaibana, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona usoni mwake, alikuwa kama mtu aliyepewa hesabu yake mwenyewe na kukuta ndani yake kalamu nyekundu. Halafu bila kunitazama akaniambia niende jikoni nikaweke chai.

Nikasema chai tumeshakunywa. Akasema niende.

Jiko lenyewe lilikuwa kama kabati, mlango wake mwembamba. Nilijaza lile birika la mezani nikaliwasha, nikasimama na vikombe. Kisha nikasikia mwavuli. Nilikuwa nimeuona umeegeshwa ukutani nilipoingia, nikajiuliza mtu wa kiti cha magurudumu anautakia nini. Ulikita sakafuni mara moja. Kikafuata kile kiti kulalamika, kama mtu anajaribu kuinuka na mwenzake anamzuia na yeye hakubali kuzuiwa. Kisha ikaja sauti. Ya ofisini. Ile iliyotuma mafundi na kuamsha makarani, imesimama, inatamka kila herufi, ndefu, haipumziki, na katikati yake jina la mwanangu, na tena jina la mwanangu.

Maneno sikuyapata. Birika lake lile alilolisifu maisha yake yote lilikuwa limeanza kuchemka, linapiga kelele kama treni, na nilipolizima sauti ilikuwa imekwisha.

Nilipoingia na sinia, Mwalimu alikuwa amekaa, anahema, ushungi umekwenda upande. Nasra alikuwa amepiga magoti mbele yake anamfungia pini, na macho yake mekundu. Hakuna aliyenieleza kitu. Mwalimu alionja chai akasema nimezidisha hiliki. Tukakaa mpaka magharibi ikaingia, Nasra akiwa wa kwanza kusema kwamba imeingia, kabla hajatazama saa.

Njiani kurudi nilimwuliza Mwalimu kamwambia nini. Akasema ni mambo yake na Mwalimu. Nimemwuliza tena baada ya usaili, na siku alipopata nafasi, na siku tulipotoka kumzika Mwalimu. Jibu ni lilelile. Namwelewa, na ninafurahi kwa ajili yake, lakini nitasema kweli, bado nina hasira. Yale maneno yalikuwa na pa kwenda siku ile, mbele ya watu watatu, nami nilikuwa nimekaa palepale nikiyangoja.